Aya Niliyoiruka

Nilikwenda Gitega kumzika Ladislas kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu akiingia ardhini. Aliyenipigia simu alidhani ananipa habari ya msiba. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikapanda gari la asubuhi linalopitia Karuzi, na njia nzima sikusali hata sala moja. Kanisani nilikaa nyuma. Makaburini nilisogea mbele, nikasimama hapo mpaka koleo la mwisho la udongo. Baadaye tukaenda nyumbani kwa wafiwa, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko, tukakaa kwenye viti vya plastiki uani, kila mtu na sahani yake ya wali, maharage na kipande kimoja cha nyama. Nilikula chote. Kando yangu wanaume wawili walikuwa wakimzungumzia marehemu. "Alikuwa mtu wa kusaidia," mmoja alisema. "Watu waliporudi kutoka Tanzania hawana kitu, nani aliwapa pesa ya kula? Si yeye?" Mwenzake akaitikia: "Na watu wa Muyinga wakamlipa mabaya." Mimi ndiye watu wa Muyinga waliokuwa wakiwasema. Hasira niliyodhani imezeeka pamoja nami ikaamka pale pale kitini, ikiwa na meno yake yote.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Ulikuwa mwaka wa pili tangu nivuke mpaka wa Kobero kutoka Tanzania na mkeka, sufuria mbili na cheti cha shule ya kambi ya wakimbizi. Nilikuwa na chumba kimoja Gasorwe, mkoa wa Muyinga, ukuta wa udongo na mabati tuliyopewa wakati wa kurudi, na mbele ya mlango shamba lililoteremka mpaka bondeni. Nilisoma Kiswahili vizuri na Kirundi kidogo kidogo. Kifaransa sikujua hata salamu. Pale mlimani, kijijini kwetu, walinicheka kwa matamshi yangu, wakaniita Mtanzania, lakini mtu akipata barua aliniletea mimi, na nilikuwa na majivuno ya kusoma ambayo leo yananiuma kuyakumbuka. Ladislas alikuja katika miezi ya njaa, wakati maharage yako kwenye maua na ndani hamna kitu isipokuwa sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta. Alikuwa mfanyabiashara wa Muyinga mwenye lori na nyumba ya milango ya buluu, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Alikaa kwenye kigoda changu cha pekee, akala sombe yangu, akaisifu. Kisha akatoa karatasi, akaiweka gotini na kunieleza yaliyomo huku akipitisha kidole kwenye mistari. "Nakupa bei ya gunia moja leo. Ukivuna, unanipa magunia mawili. Msimu mmoja, basi. Mimi si mtu wa kula watu." Magunia mawili kwa moja ilikuwa dhuluma, na nilijua, lakini njaa haina hesabu. Wenzangu wote mlimani walikuwa wametia dole gumba. Mimi nikaomba kalamu, nikaandika jina langu lote, Konsolata, kwa mwandiko wa kulalia ambao mwalimu wangu aliusifu. Ladislas aliutazama muda mrefu. "Unaandika vizuri, mwanangu," alisema.

Nilivuna, akachukua magunia yake mawili, nikadhani tumemalizana. Msimu uliofuata alirudi na lori na wapakiaji wawili. Nikamwambia deni limekwisha. Akasema imebaki misimu mitatu. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka, naye hakupandisha sauti. Alifungua karatasi, akawaonyesha chini yake mwandiko wangu wa kulalia. "Hawa wengine watasema hawakujua," aliwaambia. "Huyu amesoma." Wapakiaji wakacheka. Waliingia chumbani mwangu, wakatoka na magunia mawili kati ya matatu niliyokuwa nayo. Jirani yangu Daforoza, mjane aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, hakuondoka mlangoni pake. Yeye mavuno yake yalikuwa yamekufa kwa mvua nyingi, na Ladislas alikwisha kuchukua shamba lenyewe. Sasa alikuwa akililima kwa kibarua, shamba alilozaliwa ndani yake. Jioni aliniletea vipande viwili vya muhogo wa kuchoma. "Kula," alisema. "Kesho utalia vizuri zaidi ukiwa umeshiba." Nilikula, ila sikulia. Nilikuwa nafikiria lori lile na kiasi cha mafuta ya taa kinachotosha kuliteketeza.

Kesho yake nikatembea mpaka Muyinga na nakala yangu ya karatasi kifuani. Kwenye ofisi ya kwanza karani alitaka pesa ili aisome. Mlinzi wa getini akanionea huruma. "Nenda chumba cha kusomea, kwa Mama Hadija. Pale hawalipishi." Nilikuwa nimepita mbele ya maktaba ile mara nyingi bila kujua ni kitu gani. Zamani ilikuwa ghala la kahawa, na siku za mvua kuta zake bado zilinuka kahawa mbichi. Ndani mlikuwa na rafu tatu, mbili zikiwa za vitabu vya Kifaransa ambavyo hakuna aliyevigusa, na rafu moja ya vitabu vya shule vya Kiswahili vilivyoachwa na watu waliorudi kama mimi. Kulikuwa na meza mbili ndefu, madirisha yenye nondo, na pembeni cherehani. Mama Hadija alikuwa mjane wa fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu. Tarafa ilimlipa kidogo kwa kutunza vitabu, na kati ya msomaji na msomaji alishona sare za wanafunzi. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilianza kumweleza yote kwa mkupuo nikiwa bado mlangoni.

"We iko na haraka ya kwenda wapi?" alisema. "Kaa. Lete ile papier."

Aliisoma polepole, mara mbili, akifunua kamusi isiyo na jalada.

"Alikwambia saison ngapi?"

"Msimu mmoja."

"Hapa iko imeandikwa quatre. Ine." Akainua vidole vinne. "Na hapa chini, aya ya mwisho, wanasema ukikosa kulipa saison moja, shamba inakuwa yake. We ulitia saini?"

"Nilitia."

"Ulisoma?"

Nilitazama mwandiko wangu wa kulalia chini ya karatasi. Akachukua kopo la maharage aliyokuwa amekusudia kupika mchana, akaweka punje moja upande wake wa meza. "Hii ndiyo ulipata." Kisha akaanza kuweka punje upande wangu, mbili, na mbili, na mbili, na mbili, mpaka zikawa nane. "Hii ndiyo utatoa. Angalia tu. Usihesabu faranga, faranga inakudanganya. Hesabu magunia." Nilizitazama zile punje nane, nikamwambia nitalichoma lori lake. Alirudisha maharage kwenye kopo, punje moja moja. "Bon. Utachoma, watakufunga, shamba itabaki ya kwake. Watu wanakuja hapa kila wiki na karatasi za hivi, wote wanakuja wakati wameshatia kidole. Mi niko peke yangu, na Kirundi yangu ya kuandika iko mbaya. We unajua kuandika. Kuja Jumatano."

Nilikuja Jumatano hiyo na Jumatano zote zilizofuata mwaka ule. Nilifika Jumanne jioni, nikalala kwake, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyojaa vitambaa, tukala chapati na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga na chai ya tangawizi. Kupitia ukutani nilimsikia shemeji yake akimgombeza: maktaba ni ya vitabu, anataka kuwaletea maadui wenye pesa, familia yao inaishi kwa kuuza na si kwa kugombana na wanaonunua. Naye alijibu, "Alors, kitabu ni nini? Si karatasi tu?" Asubuhi watu walikuwa wamekaa kwenye ngazi kabla hatujafungua. Walitoka Gasorwe, wengine Giteranyi kwa baiskeli, karatasi zao zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni na kufichwa chini ya nguo. Mama Hadija alisoma Kifaransa, mimi nikaandika nyuma ya kila nakala kwa Kirundi na Kiswahili, kwa herufi kubwa, kile hasa kilichosemwa. Kisha kila mmoja aliweka punje zake mezani mwenyewe, mbele ya wote. Hakuna mahubiri ambayo yangefanya kazi ile. Mama mmoja alipofika punje ya kumi na moja alivua kitambaa cha kichwa, akajifunika nacho uso. Ubaoni tuliandika bei ya maharage ya Muyinga na ya Kobero, kama alivyotuletea mwendesha baiskeli mmoja aliyebeba mizigo mpakani, na watu waliokuwa wakiuza mlangoni kwa bei yoyote waliyotajiwa wakaona kwa mara ya kwanza kwamba bei ina njia yake, inapanda na kushuka, na mtu anaweza kuingoja.

Miaka mingi baadaye nimealikwa mara kadhaa kueleza jinsi maktaba inavyoweza kufundisha watu mambo ya fedha, na huwa nasema hayo ya punje na ubao, na watu huandika kwenye madaftari yao. Huwa sisemi kwamba mimi sikuwa pale kufundisha. Mama Hadija alitaka kila mtu atoke akijua zaidi kuliko alivyoingia. Mimi nilitaka Ladislas alale njaa. Nilikuwa na daftari langu la pembeni, na kila karatasi yake iliyopita mikononi mwangu niliinakili humo, jina la mtu, mlima, magunia, shamba. Mama Hadija aliliona. "Hapa si polisi, Konsolata," aliniambia. Nikasema naandika kwa ajili ya kumbukumbu, na sikudanganya.

Daftari lile nikalipeleka kwa bashingantahe, wazee waamuzi wa mlima wetu, na nikawasomea ukurasa kwa ukurasa kuanzia asubuhi mpaka jua likakaa kichwani. Walimwita Ladislas, hakuja. Wakaamua kwamba aliyekwisha kurudisha zaidi ya alichopokea hadaiwi tena. Mashamba yaliyokwisha kuchukuliwa walisema yako juu ya uwezo wao, kwa hiyo Daforoza alirudi kwenye kibarua chake. Msimu ule watu kumi na wanane hawakumpa Ladislas hata debe moja. Waliogopa kuweka mavuno majumbani, hivyo Mama Hadija akafungua chumba cha nyuma cha maktaba, na magunia yakapangwa mpaka chini ya rafu za Kifaransa. Tulingoja bei. Ilipopanda tukakodi gari pamoja, tukauza Kobero, na siku ile nilimwona Ladislas kando ya barabara, amesimama karibu na lori lake tupu, akitutazama tukipita. Nilimpungia mkono.

Alikuja maktaba Ijumaa moja, mvua ikinyesha, Mama Hadija akiwa ameenda msikitini. Nilikuwa peke yangu, kwa maana wakati huo alikwisha kunipa ufunguo nimshikie mlango siku za Ijumaa. Alivua kofia, akaketi kwenye benchi wanapokaa watu wenye karatasi, akaniuliza hali kama hatukuwahi kugombana. Alikuwa amekonda. Kisha akatoa bahasha. "Mwanangu, nisomee."

Sikuelewa. Nikamwambia asome mwenyewe.

"Sijui kusoma," alisema. Alitazama dirishani. "Sikuwahi kujua."

"Na zile karatasi zako?"

"Kuna mwandishi Gitega. Mimi nilisema, yeye akaandika. Karatasi zenu nilimwambia aweke msimu mmoja. Baadaye akanisomea, nikasikia ni minne, na mashamba. Akasema wote wanafanya hivyo." Aligeuza kofia mikononi. "Nikanyamaza."

"Kwa nini usimpe yeye hii aisome?"

"Ni yeye aliyeiandika. Anamwandikia pia yule anayenidai. Wewe unanichukia, najua. Lakini nasikia hapa mnasoma sawasawa."

Hayo ndiyo aliyosema, na sijaongeza neno. Nilifungua bahasha. Kwa mwaka ule nilikuwa nimejifunza Kifaransa cha karatasi za madeni, pengine ndicho Kifaransa pekee ninachokijua vizuri hadi leo. Mfanyabiashara mmoja wa Gitega alikuwa amemkopesha pesa ya kununulia mavuno yetu, na sasa alimwongezea muda wa kulipa. Nilimsomea aya ya kwanza, nikamfasiria kila neno. Nikamsomea ya pili na ya tatu. Aya ya nne, ya mwisho, ilisema kwamba muda huo ni siku thelathini tu, na zikipita, lori, duka, nyumba ya Muyinga na mashamba yake yote vinakuwa mali ya mkopeshaji bila kwenda mbele ya hakimu. Niliisoma kwa macho. Nilisikia mvua kwenye mabati. Nilimfikiria Daforoza akilima shamba lake kwa kibarua, nikamfikiria huyu hapa kwenye kigoda changu akila sombe yangu.

"Ni hayo tu?" aliuliza.

"Ni hayo."

Akatia saini palepale mezani pangu, mchoro mmoja aliokariri. Alipoondoka aliacha kilo moja ya sukari mezani, kwa shukrani. Nilichemsha maji, nikatia vijiko vinne. Sijanywa chai tamu kama ile tena, na nimejaribu.

Siku thelathini zilipita, na nyingine chache. Wakaja watu kutoka Gitega, wakaondoka na lori, wakafunga duka, wakatoa vitanda vyake nje ya milango ya buluu mbele ya watu waliotoka sokoni. Nilikwenda kutazama. Mke wake alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, akihesabu sahani zilizowekwa chini. Huko Gitega, siku ya mazishi, mama huyohuyo alinishika mikono miwili, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Hakunijua.

Jumatano iliyofuata Ladislas aliingia maktaba ikiwa imejaa. Alipita watu wote, akaweka karatasi mbele ya Mama Hadija. Mama Hadija aliisoma kwa sauti, aya zote nne, kama alivyosoma karatasi za kila mtu.

"Hiyo ya mwisho sikuisikia," Ladislas alisema. Akanielekeza kidole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonikera. "Huyu alinisomea."

Mama Hadija alivua miwani. "Konsolata. Ulimsomea yote?"

"Nilimsomea kama alivyonisomea yeye."

Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Daforoza alipiga vigelegele, yeye ambaye tangu nimjue sikuwahi kumsikia akiinua sauti, na vilimtoka virefu mpaka akakohoa. Nilisimama katikati ya kelele ile nikihisi mwili wangu mwepesi. Ladislas alivaa kofia, akatoka. Hakurudi tena Muyinga; alihamia Gitega, akawa mlinzi wa ghala la mtu. Mama Hadija alingoja makofi yaishe, kisha akanyoosha mkono, akaomba ufunguo wangu wa mlango. "Na alikuja hapa," aliniambia. "Si nyumbani kwako. Hapa." Hakusema zaidi. Akaendelea na karatasi ya mtu aliyefuata.

Sikufukuzwa. Nilirudi Jumatano iliyofuata, nikakaa mahali pangu na kalamu yangu. Watu walikuja kama kawaida, na wote walikaa upande wa Mama Hadija. Benchi langu likabaki tupu. Waliniamkia kwa heshima, wengine walinisifu tena kwa nilichomfanyia yule mtu, kisha wakaenda kungoja kwenye mstari wake, hata ulipofika nje kwenye ngazi. Nilimwita mzee mmoja wa Giteranyi, nikamwambia mimi niko tayari. Alitabasamu, akabana mfuko wake wa nailoni kwapani. "Hapana, dada, asante. Mimi nangoja mama." Ikawa hivyo wiki tatu.

Nimejiuliza mara nyingi kama ninajuta. Uani kwa wafiwa nilionyeshwa mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango na fimbo kati ya magoti. Walisema ndiye aliyekuwa akimwandikia Ladislas karatasi zake zote. Ningeweza kusogeza kiti changu, kumuuliza kama ni kweli aliambiwa aandike msimu mmoja. Ilikuwa hatua sita. Nilibaki nilipo, nikaomba wali zaidi. Kama Ladislas alisema kweli, sitaki kulijua hilo, na kama alidanganya, nilikwisha kumlipa. Nikiulizwa leo kama ningeisoma aya ile, ningetaka kujibu ndiyo kwa ajili ya Mama Hadija, ambaye sasa naye amelala ardhini. Lakini ulimi unakataa.

Jumatano ya nne Daforoza aliingia na karatasi. Mkopeshaji wa Gitega, aliyekuwa amechukua mali ya Ladislas, alikuwa akiyauza mashamba yale, na alikubali kumuuzia lake kwa malipo ya kidogo kidogo. Mstari wa Mama Hadija ulikuwa umejaa. Daforoza akasimama mbele ya benchi langu. Nikanyoosha mkono nipokee. Hakunipa.

"Sitaki unisomee," alisema.

"Daforoza, ni mimi. Wewe ulinipigia vigelegele."

"Nilipiga, na ningepiga tena. Lakini nilipofika nyumbani nilijiuliza, siku nikimuudhi huyu?" Akaketi, akaiweka karatasi mezani, kiganja juu yake. "Nifundishe kusoma. Nijue mwenyewe, nisikuhitaji wewe wala mama yule."

Nikamwambia itachukua muda mrefu, na kwamba Kifaransa si kama Kirundi. Akasema anayemuuzia anaweza kungoja, shamba halikimbii. Nikachukua chaki na kibao kidogo, nikaanza kuandika herufi a, kama nilivyoanzishwa mimi kambini. Alinizuia mkono. Aligeuza karatasi upande wangu, akashusha kidole mpaka kwenye aya ya mwisho, karibu kabisa na nafasi ya saini.

"Anza na hapa chini," alisema.

Nikavuta benchi karibu naye, tukaanza na hapo chini.